Tuta la Tano

Changamwe,
4 Februari 1946

Kwa shoga yangu Ruwaida,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si mchungaji, wala wasichana ninaolala nao chumba kimoja. Mkono wangu ni wa moto. Nikipanda kitu hufa. Nyumbani Kisauni hawe, mama yake baba, hakuniruhusu kushika mbegu. Siku za kupanda alinituma kisimani nipate kuwa mbali. Mpapai niliouotesha kwa siri nyuma ya choo ulikauka, na mwaka ule ule mbuzi wetu akafa. Hawe alinitazama mimi.

Sasa cheka. Nimekuja huku, kambi ya wagonjwa wa vita, kusomea bustani.

Misi Penfold alikuja shuleni kwetu Frere Town tulipokuwa tunamaliza, akauliza ni nani amelelewa shambani. Wote walinyoosha mikono. Niliona haya kubaki peke yangu nimekunja mikono, nikanyoosha. Akanichagua kwa kuwa nilikuwa kimya. Anasema wagonjwa hawa hawataki kelele.

Ni askari waliorudi kutoka vita vya Bama, ambao jeraha lao halifungwi bendeji. Misi anatufundisha kwamba mtu wa namna hiyo apewe jembe, mbegu na maji, achunge kitu kinachoota, na kidogo kidogo atarudi kwa watu. Kazi yetu si kulima. Ni kukaa naye. Usimharakishe. Usimsifu kama mtoto. Na usimnyang'anye kazi yake mkononi hata ukiona anakosea. Hilo la mwisho alituimbisha kama wimbo. Mwaka ukiisha tutapewa cheti.

Mgonjwa wangu anaitwa Mahfudh. Ni mtu wa Vanga, alikuwa mbeba machela. Tangu afike hajasema neno. Hula akilishwa. Daktari amesema mwezi wa nne ataamua: akiona nafuu atarudishwa kwao, asipoiona atapelekwa Nairobi kule wanakofungiwa, na Mwarandu, mgonjwa mwenye mguu mmoja anayejua habari zote za kambi, anasema aliyeingia kule hatoki.

Nimempa mbegu za mchicha, akazitazama tu. Lakini juzi mama mfuaji alipita na kitawi cha mrihani kwenye nywele, na Mahfudh akageuza kichwa. Ruwaida, aligeuza kichwa! Nakumbuka mirihani ya nyanya yako, aliyohamia nayo Likoni mlipoacha kuwa majirani zetu Kisauni. Niletee japo michache. Nitampa aipande mwenyewe. Mimi sitaigusa mizizi.

Wako,
Kafedha


Likoni,
11 Februari 1946

Kwa Kafedha, baada ya salamu nyingi,

Mkono wa moto! Wewe mtoto wa misheni waamini hayo, halafu sisi ndio tuitwao washirikina. Mpapai ulikufa kwa sababu uliupanda nyuma ya choo, na mbuzi wenu nilimjua, alikuwa mzee kuliko mwalimu wangu.

Nimefurahi kupata barua yako, maana huku sina dunia. Tangu posa ya binamu yangu ilipokuja sitoki hata barazani. Dunia yangu ni Waridi muuza mahamri, na ndiye nimempa mzigo huu avuke nao feri na kuutia katika lori la Changamwe kwa shemeji yake.

Nyanya Kuluthum aliponikuta nakata mirihani yake alishika kiuno. "Kulikoni? Nani kafa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni ya mgonjwa. "Mgonjwa hupelekewa uji," akasema. Nilimbembeleza mpaka akanipa miche mitatu. Mitatu tu. Nikataka wa nne, akanipiga kofi la mkono. Kwa hiyo usilalamike.

Huyo Mahfudh ana mama? Niandikie kila kitu. Usinifiche hata kidogo, maana mimi nikisoma barua yako ndipo natembea.

Nduguyo,
Ruwaida binti Ghanim


Changamwe,
10 Machi 1946

Ruwaida mpenzi,

Imeshika! Yote mitatu!

Sikuigusa. Nilimnyooshea ikiwa na udongo wake, akaipokea kwa mikono miwili, akainusa, akafumba macho muda mrefu. Kisha akachukua jembe mwenyewe. Misi alikuwa dirishani, akaweka mkono mdomoni.

Tangu siku hiyo analima. Ametengeneza matuta matano, na sijaona matuta mazuri kama hayo hata katika bustani ya askofu. Ni marefu na membamba, ameyainua katikati na kuyapiga mgongo wa jembe mpaka yamekuwa laini. Mwanzoni tulibishana bila maneno. Misi anataka matuta yote yafuate kamba, kutoka njiani kuelekea wodini. Nilipofunga kamba aliifungua. Nikaifunga tena, akaifungua tena, akayalaza matuta yake upande mwingine, kutoka jua linapochomoza kwenda linapotua. Nikakumbuka wimbo wetu wa kutomnyang'anya kazi, nikamwacha. Philister, mwenzangu, alinicheka. "Mgonjwa wako amekuoa, Kafedha. Yeye anaamua, wewe unabeba maji."

Mirihani ameipanda kwenye matuta matatu, mmoja mmoja, yote upande wa mashariki. Katika tuta la nne ameweka kijiti kilichochongwa, na kitambaa chekundu juu yake. Nafikiri ni cha kunde kupandia. La tano bado ni tupu. Lile alilipima kwa mwili wake mwenyewe: alilala chini kando yake, akanyoosha miguu, kisha akaweka alama kwa kisigino. Nilicheka, naye akanitazama, na nusura acheke.

Anakula mwenyewe sasa. Analala bila dawa. Kila asubuhi husimama kwenye wavu akinisubiri, na nikifika hunifungulia kiganja. Mimi humtilia mbegu za mchicha. Huziangalia, kisha hunirudishia zote, wala hazipunguki. Ni mchezo wetu. Kesho yake hufungua tena kiganja.

Daktari alipita Jumatano akasema, "Tukiendelea hivi, atamwona mama yake." Ndiyo, ana mama.

Ruwaida, labda mkono wangu umepoa.

Wako mwenye furaha,
Kafedha


Likoni,
14 Machi 1946

Kafedha,

Niwie radhi sina salamu ndefu. Barua yako nilimsomea Nyanya kwa kuwa nilitaka afurahi na mirihani yake. Nilipofika kwenye matuta alinishika mkono. "Rudia hapo."

Kafedha, hayo si matuta ya mboga. Ni makaburi. Maiti wetu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso uelekee kibla, na kibla chetu hapa pwani ni kaskazini. Ndiyo maana kaburi hulala mashariki kwa magharibi, na ndiyo maana alifungua kamba yako. Na mrihani ndio tunaoupanda kichwani mwa kaburi. Ningejua wewe hujui, ningekwambia. Sikufikiri kuna mtu asiyejua.

Na lile la tano, tupu, alilolipima kwa mwili wake, ni la nani? Nyanya asema mtu anayejichimbia mwenyewe hana siku nyingi. Anakula vizuri na kulala vizuri kwa sababu ameshaamua, asema aliwahi kuona mtu wa hivyo. Huko kambini kuna kamba, kuna visu, na bahari haiko mbali.

Mwambieni huyo Misi leo. Yavunjeni. Usione haya, Kafedha, najua wewe ukiona haya husubiri. Usisubiri.

Ruwaida


Likoni,
1 Aprili 1946

Kwa Kafedha,

Waridi asema barua yangu ilifika, shemeji yake alimpa mlinzi mkononi. Basi mbona kimya? Kila akibisha mtu nasema ni wewe.

Je, mliwahi? Niambie tu neno hilo moja. Yu hai?

Ruwaida


Changamwe,
9 Aprili 1946

Ruwaida,

Yu hai. Tuliwahi. Sijui niandike nini baada ya hapo, lakini uliniambia nisikufiche.

Barua yako nilimpa Misi siku ile ile, nikamfasiria nikiwa nimesimama, mimi ambaye huwa siwezi hata kuomba chumvi mezani. Akawa mweupe kama chokaa. Alisema tumekuwa tukimpa mgonjwa jembe la kujizikia. Kesho yake Mahfudh aliitwa wodini kupimwa, nasi wasichana watatu tukapewa majembe. Nilijua ninaokoa mtu. Jembe la kwanza lilikuwa langu. Tulisawazisha yote matano, Philister akang'oa mirihani, kile kijiti akakitupa jikoni kwenye kuni. Tukafunga kamba, tukapanda maharage kwa mstari ulionyooka. Kabla ya saa sita kazi ilikuwa imekwisha, na bustani ilipendeza.

Aliporudi alisimama kwenye wavu kama kila siku. Kiganja kilikuwa wazi. Kisha akaona. Hakupiga kelele. Aliingia taratibu, akapiga magoti, akaingiza vidole kwenye udongo pale palipokuwa tuta la kwanza, kisha la pili. Akanitazama mimi, si Misi wala Philister, akasema:

"Umewafukua."

Ruwaida, ndilo neno la kwanza kulisikia kwake. Sauti yake ni nyembamba, sikutegemea. Misi akapiga makofi. "Amesema! Amesema! Anasema nini?" Philister akamfasiria. Misi akadhani anaulizia miche, akamwinamia na kumwambia pole pole kwa Kiswahili chake, "Ndiyo, tumefukua. Tutapanda nyingine, nzuri zaidi."

Mimi nilisikia ile "wa". Alisema amewafukua watu.

Usiku ule na siku iliyofuata walimkuta akichimba kwa vidole kwenye maharage, kucha zikatoka damu. Wakimwondoa anarudi. Akafungwa kitandani. Akaacha kula. Daktari hakungoja zaidi. Alipelekwa Nairobi kwa gari moshi tarehe ishirini na tisa Machi. Nilikwenda stesheni. Walimpitisha karibu yangu. Aligeuza kichwa upande mwingine.

Mwarandu hakuwepo wiki hizo, alikuwa kisiwani kupimiwa mguu wa mti. Aliporudi akaniuliza, "Yuko wapi bwana makaburi?" Nilimshika shati. Nikamuuliza alijua?

"Nijue nini tena? Mimi ndiye niliyemchongea koma ya Kahindi! Ile yenye kitambaa. Imekwenda wapi?"

 Akanitazama vizuri.

"Wewe si mtoto wa Kigiriama? Mtu akifa ugenini, kwao si humchomekea koma, roho yake ipate pa kukaa? Au ulidhani ni kijiti cha kunde?" Akaanza kucheka, kisha akaacha.

Ilinipasa kuijua hiyo moja, Ruwaida. Hawe anazo zake nyuma ya nyumba. Lakini misheni tulifundishwa kupita bila kuzitazama, nikajifunza vizuri sana.

Akanieleza. Kule Bama kikosi chao kilirudi nyuma kwenye mto, mvua inanyesha. Mahfudh na wenzake walikuwa na maiti watano kwenye machela, watu wao, waliokuwa wakilala nao hema moja. Wakaamriwa wawaache ukingoni, kwa sababu machela zinahitajiwa na walio hai. Hawakupewa hata muda wa kuwafunika. Mahfudh aliwamwaga chini kwa mikono yake. Ndiyo siku aliyonyamaza. Mwarandu alikuwa juu ya moja ya machela zile baadaye, ndiyo maana anajua.

"Alikuwa anawazika," aliniambia. "Wanne walishalala. Alibaki Boga, kijana wa Msambweni, walikuwa urefu mmoja, walivaliana makoti. Ndiyo maana alimpima kwa mwili wake. Angemaliza na huyo, nakuambia, yule angekwenda kwa mamake anaimba."

Nikauliza, mbona tuta la Boga lilikaa tupu muda wote ule?

"Si mrihani uliisha? Ulimletea mitatu, na Kahindi akapata koma. Kila siku anasimama pale na kiganja chake anakuomba wewe. Mimi nilimwambia, yule msichana ana akili, ataelewa."

Nilikuwa namtilia mchicha.

Kafedha


Likoni,
17 Aprili 1946

Kafedha wangu,

Nimeisoma barua yako jikoni, moshi ukanisaidia. Nyanya alipouliza nalia nini nilimsomea yote, sikuruka. Aliondoka kutawadha, akaswali alasiri. Kisha akasema, "Mimi ndimi niliyempiga mtoto kofi la mkono kwa mche wa nne."

Ni kweli, Kafedha. Ule mche wa nne uliotakiwa nilikuwa nimeushika, nikauachia. Na barua iliyosema yavunjeni niliiandika mimi. Nilisema usisubiri. Mara moja katika maisha yako hukuona haya, na ni kwa ajili yangu. Kwa hiyo usijitwishe peke yako. Tukigawana, langu ndilo zito.

Tulijua kusoma makaburi, hatukujua kumsoma mtu. Nyanya aliona kaburi tupu akaona kifo, kwa kuwa ni mzee na huona kifo kila mahali siku hizi.

Waridi atakuletea kapu. Nyanya ameung'oa mti mzima na mzizi wake, akaugawa miche mitano. Ule ule aliokuwa hataki tuuguse. Uani sasa pana shimo, na hataki nilifukie. Yeye na mimi tutawasomea Yasini kila usiku wa Ijumaa, hata huyo Kahindi, Nyanya asema Mungu atajua wapi pa kuipeleka. Niletee majina yote.

Sijui utafanyaje mbele ya Misi wako. Wewe ndiwe uliyeko huko, mimi niko nyuma ya mlango. Lakini usiseme mkono wako ni wa moto. Sitaki kulisikia tena.

Nduguyo mpaka mwisho,
Ruwaida


Changamwe,
19 Mei 1946

Ruwaida,

Majina ni Boga, Kahindi, Nzai, Saidi Mbwana, na mmoja waliyemwita Fundi, ambaye Mwarandu hajui jina lake lingine. Msomeeni hivyo hivyo.

Mvua imeshuka na kila kitu ni kijani. Yale maharage yalioza. Misi alihuzunika, lakini anasema idara ya matibabu imeisifu bustani, na kwamba mimi nilionyesha ujasiri. Atanipa cheti kabla ya mwaka kuisha ili nimsaidie kufundisha kundi jipya. Amelisimulia jambo la Mahfudh kwa wageni mara mbili: mgonjwa aliyekuwa bubu, na bustani ikamfanya aseme. Hasemi uongo. Ndivyo alivyoona. Nilitaka kumweleza, nikafika mpaka mlangoni kwake, nikasikia anaimba peke yake, nikarudi.

Nilimwomba kile kipande kiwe changu cha mazoezi. Nimepanda mchicha kila mahali, mnene, kwa mstari wa kamba, kutoka njiani kuelekea wodini kama atakavyo. Ukisimama njiani unaona mchicha tu. Lakini chini ya majani, Ruwaida, udongo umelala upande mwingine. Niliyainua matuta kidogo kidogo kila alfajiri kwa mikono, si kwa jembe, chini kiasi cha kutoonekana. Nilianza na Boga. Mrihani wake niliupanda mimi mwenyewe, mizizi na yote, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuupanda. Nilimwambia anisamehe kwa kuchelewa.

Mwarandu amechonga koma nyingine, akanionyesha namna ya kuichomeka na maneno ya kusema. "Sema kwa sauti," akasema, "si kwa haya zako za Jumapili, yuko mbali huyo." Nikasema kwa sauti.

Mche mmoja umebaki, maana Kahindi hauhitaji. Huo nimeutia katika mkebe, uko dirishani pangu.

Yote imeshika. Sikufurahi kama ningefurahi zamani.

Nimemwandikia Mahfudh barua tatu Nairobi. Katika kila moja nimetia jani la mrihani, na katika ya mwisho nimeandika tu: Wamelala wote watano. Hajajibu. Nimewaandikia na madaktari wa huko, nao hawajajibu. Mama yake alifika hapa wiki iliyopita kutoka Vanga, mama mdogo wa umbo, amebeba halua katika kikapu. Alikuwa amepata ile habari ya mwezi wa tatu kwamba mwanawe anapona, hajapata iliyofuata. Misi alikuwa kisiwani, kwa hiyo nilimwambia mimi. Hakulia mbele yangu. Aliomba kuona alikokuwa akifanya kazi.

Nikampeleka. Alisimama njiani akatazama mchicha. Kisha upepo ukaja, naye akanyanyua pua, kama mwanawe. Akaingia katikati, akafunua majani kwa mkono. Akaona. Midomo yake ikicheza, akaenda kutoka tuta moja hadi jingine mpaka la tano. Aliporudi aliniuliza, "Na lake liko hapa?"

Nikasema, "La, mama. Yeye yu hai."

"Basi utayatunza mpaka aje ayaone," akasema, akaniachia halua yote.

Philister hushangaa mbona mchicha wangu unanukia, na mbona siachi wapishi wachume upande huu. Namwambia una wadudu. Wasichana wapya watakuja mwezi wa saba, nami nitawafundisha ule wimbo wa kutomnyang'anya mgonjwa kazi mkononi. Watauimba bila kujua kwamba naimba pamoja na wale watano.

Ruwaida, barua hii ukishamsomea Nyanya itie jikoni kwenye moto. Usimwambie Waridi, wala binamu yako atakapokuwa mumeo, wala mtu yeyote avukaye feri. Ukiulizwa, sema Kafedha analima mchicha Changamwe. Wakijua ni makaburi watayasawazisha tena.

Kafedha